Tangazo Bila Takwimu: Matangazo ya Ubunifu na Thamani ya Kampuni za Bayoteknolojia

1. Utangulizi

Nimeombwa nieleze jinsi matangazo ya ubunifu yanavyogusa thamani ya kampuni za bayoteknolojia. Nitakayosema ni maoni yangu, si msimamo wa taasisi iliyonituma.

2. Maana

Thamani ya kampuni sokoni ni bei ya hisa mara idadi ya hisa zote. Athari ya tangazo ni tofauti kati ya mwendo wa bei siku hiyo na ule uliotarajiwa kwa kufuata soko zima. Kampuni nyingi za fani hii hazina dawa inayouzwa bado, hivyo tamko moja huzitikisa. Haya wote tunayajua.

3. Tatizo

Bei hufuata tangazo hata pale ushahidi haujawekwa mezani. Mnamo Mei 18, 2020, kampuni ya Moderna ilitoa taarifa kuhusu awamu ya kwanza ya majaribio ya chanjo yake ya korona. Waliochanjwa walikuwa 45, lakini matokeo ya kingamwili zenye uwezo wa kuzuia virusi yalihusu watu 8 tu. Taarifa haikuwa na jedwali la takwimu. Hisa zilipanda kwa takriban asilimia 20, na jioni hiyohiyo kampuni ikatangaza kuuza hisa mpya, zilizoiletea takriban dola bilioni 1.3. Kesho yake, wataalamu walipohoji uhaba wa takwimu, bei ilishuka kwa takriban asilimia 10. Makala ya kisayansi ilichapishwa Julai 14.

Kila ninapolisema hili naambiwa hakuna sheria iliyovunjwa. Sijasema imevunjwa. Naambiwa pia chanjo ilifanya kazi. Kweli, ilifanya kazi. Lakini aliyenunua hisa Mei 18 hakuwa na namna ya kulijua hilo.

Wakati mwingine hata habari mpya haipo. Mei 3, 1998, gazeti la New York Times liliweka ukurasa wa kwanza habari za dawa za saratani zilizojaribiwa kwa panya. Hisa za EntreMed, kampuni iliyokuwa na haki za dawa hizo, zilizofunga Ijumaa kwa takriban dola 12, zilifunga Jumatatu karibu na dola 52. Matokeo hayo yalikwisha kuchapishwa katika jarida la Nature Novemba 1997.

4. Mapendekezo

(i) Mwandishi asiandike “matokeo mazuri” bila kutaja wangapi walijaribiwa na wangapi walipimwa.
(ii) Kampuni itoe jedwali la takwimu pamoja na tangazo.
(iii) Isipoweza, itaje tarehe ya kulitoa.
(iv) Wasimamizi wa masoko wafikirie, kwa kadiri sheria inavyoruhusu, kuweka muda kati ya tangazo na uuzaji wa hisa mpya.
(v) Mhariri aulize kwanza kama habari ni mpya.
(vi) Mshauri wa uwekezaji amweleze mteja jaribio liko awamu gani, na ni kwa binadamu au kwa panya.
(vii) Idadi ya waliopimwa itajwe. Nalirudia pendekezo la kwanza kwa makusudi: linaweza kuanza kesho asubuhi, bila kanuni mpya wala bajeti.