Kijana Aliyeketi Dirishani



Sura ya 20 ya Matendo ya Mitume yatusimulia habari za kijana Eutiko wa Troa. Waamini walikuwa wamekusanyika ghorofani kuumega mkate, na Mtume Paulo, ambaye kesho yake angesafiri, alihubiri hata usiku wa manane. Eutiko aliketi dirishani. Usingizi ukamshinda, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Walipomwinua, alikuwa maiti. Paulo akashuka, akamkumbatia, na kijana akarudishwa kwao akiwa hai.

Ndugu zangu, tusimcheke Eutiko. Usingizi wake ulikuwa wa mwili tu. Sisi twaweza kuketi benchi la mbele, macho wazi, na moyo u dirishani: nusu ndani, nusu nje. Neno la Mungu linafafanuliwa, nasi twawaza bei ya mbolea, twatazama mavazi ya jirani, au twahesabu makosa ya mhubiri.

Nasema haya kwa aibu. Kabla ya upadrisho wangu, Jumapili moja, katekista mmoja aliongoza ibada kigangoni kwetu, akahubiri juu ya kusamehe. Alisema kwa taabu, akirudiarudia maneno, nami nilikuwa nikiyahesabu makosa yake. Kando yangu mzee mmoja alikuwa akifuta machozi. Alasiri ya siku ile ile mzee huyo alipiga hodi kwa mdogo wake, ambaye hawakusemezana naye kwa miaka saba kwa ajili ya mpaka wa shamba. Sote wawili tulisikia maneno yale yale. Yeye alimpata ndugu yake. Mimi niliambulia hesabu ya makosa.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya mwaka 1963, ulifundisha kwamba homilia ni sehemu ya liturujia yenyewe. Basi, kusikiliza mahubiri si kungoja yaishe ili Misa iendelee. Kusikiliza ni kuabudu.

Tufanyeje? Jumamosi jioni tuyasome masomo ya kesho, ili Neno lisitukute kama mgeni asiyetarajiwa. Wakati wa mahubiri, kila mmoja amwulize Bwana moyoni: Neno gani ni langu leo? Na mezani, baada ya ibada, baba, mama na watoto waambiane kila mmoja alichokipata. Neno moja lililoshikwa na kutendwa lazidi mahubiri kumi yaliyosifiwa na kusahauliwa.

Nasi tunaohubiri, mapadre na makatekista, tumkumbuke Paulo. Kijana alipoanguka, hakubaki juu akilaumu usingizi wake. Alishuka alipo. Tujiandae vema, tusiwachoshe watu wa Mungu, na tuseme nao katika hali yao.

Ndugu msikilizaji, ondoka dirishani, uingie ndani. Huenda neno unalolihitaji kuliko yote litasemwa leo, tena na mtu asiyejua kusema.

Mungu awabariki nyote. Amina.