ORODHA IANDIKWE KABLA YA MAJI

(Maneno ya Ofisa wa Elimu ya Watu Wazima kwa wahitimu wa kisomo, katika kijiji kimoja cha Bonde la Rufiji)

 

Leo sikuja kuwapima kusoma. Nimekuja tuzungumze juu ya mto. Najua wapo watakaocheka. Mtu wa juzijuzi anakuja kuwaeleza Warufiji habari za Rufiji! Haya, chekeni, lakini nisikilizeni.

Ninyi mnaujua mlau. Maji yakipanda yanaleta rutuba, yakishuka mnapanda. Mafuriko madogo kwenu ni mbolea ya bure. Kwa hiyo sitasema "hameni bondeni" halafu nijiondokee. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, Serikali iliwahamishia watu wengi kwenye vijiji vya juu. Nyumba zikapanda, mashamba yakabaki chini. Watu wakaendelea kushuka na kulala kwenye madungu ili kulinda mpunga. Shamba ni chakula. Mtu haachi chakula chake kwa sababu ya hotuba.

Lakini yako mafuriko ya namna nyingine. Mwezi wa Aprili 2024 maji yalifunika mashamba na nyumba hapa Rufiji na kwa jirani zetu Kibiti. Tarehe 25 ya mwezi ule Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini na kujeruhi 236. Maji ya namna hiyo si mbolea tena.

Basi tuyajue yanatoka wapi. Usitazame wingu la kijijini kwako tu. Mvua ya Mbeya, ya Iringa na ya Kilombero inakuja kwako siku kadhaa baadaye, pengine hapa jua linawaka. Tena siku hizi juu yetu kuna bwawa la Julius Nyerere. Bwawa hupunguza kishindo cha maji, lakini likijaa milango hufunguliwa, kama ilivyokuwa mwaka 2024. Kwa hiyo sikilizeni redio. Mamlaka ya Hali ya Hewa ina maneno yake matatu, na si sawasawa. Wakisema "angalizo", rangi ya njano, kaa macho. Wakisema "tahadhari", rangi ya machungwa, jiandae. Wakisema "tahadhari kubwa", rangi nyekundu, basi ondoka. Wengi wetu tunayasikia kama neno moja.

Sasa nije kwenye jambo lililonileta. Ninyi mnajua kuandika. Nataka kila kitongoji kiwe na daftari. Ndani yake andikeni nyumba kwa nyumba: nani anaishi humo, na nani hawezi kutembea mwenyewe. Bibi asiyeona. Mama mwenye mimba ya miezi minane. Mtoto mlemavu. Mgonjwa wa kifua kikuu anayemeza dawa kila siku. Mbele ya kila jina la namna hiyo, andika jina la pili: nani atakwenda kumchukua. Msiandike "majirani". Majirani ni watu wengi, na usiku wa maji kila mmoja atadhani mwenzake amekwishakwenda. Andika jina la mtu mmoja, naye aambiwe, akubali kwa mdomo wake.

Andikeni pia mitumbwi. Ni ya nani, inafungwa wapi, inabeba watu wangapi, nani anajua kupiga kasia. Na andikeni walio kwenye madungu msimu huu. Mtu wa dungu ndiye anayesahaulika, maana nyumbani wanadhani yuko salama juu ya nguzo zake.

Daftari hilo si la mapambo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kamati ya maafa mpaka ngazi ya kijiji. Muulizeni mwenyekiti, kwa adabu: kamati yetu ni akina nani? Ikiwa majina hayapo, yapatikane. Kisha kubalianeni ishara moja, ngoma au filimbi, na mahali pa juu pa kukutania.

Hapa nina neno kwa akina baba. Zipo nyumba ambazo mama hathubutu kutoka na watoto mpaka mwenye nyumba arudi. Mwenye nyumba yuko ng'ambo, maji yanaingia mlangoni, mama anangoja ruhusa. Ndugu zangu, toeni ruhusa hiyo leo, mbele ya watoto. Mimi naona jambo hili ni kubwa kuliko mitumbwi yote.

Mzigo uwe mdogo. Vitambulisho, kadi za kliniki na dawa za kila siku, vyote ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri. Mbegu ziwe kwenye dumu lenye kifuniko, mahali pa juu. Maji yakishuka, mwenye mbegu ndiye atakayepanda. Na usivuke kwa miguu maji yanayokwenda kasi. Hata yakiwa ya magotini humwangusha mtu mzima, na mamba naye haachi kuwinda kwa kuwa kuna maafa.

Vyoo vikifurika, kisima si kisima tena. Chemsheni maji ya kunywa mpaka yatokote sana. Mtu akiharisha maji kama ya kuosha mchele, msingoje kesho, apelekwe zahanati. Njiani anyweshwe kidogokidogo: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kufutwa juu. Chumvi isizidi, ikizidi inadhuru.

Nimekuja na madaftari matano na kalamu. Vitongoji vyenu ni vitano. Naomba kila kitongoji kikae upande wake, tuanze na nyumba zilizo karibu na mto.