Arosto Iliyovaa Sura ya Ugonjwa

Wasikilizaji, kusini mwa Thailand na kaskazini mwa Malaysia, wagema utomvu wa mpira huingia shambani usiku wa manane, maana utomvu hutoka vizuri kabla jua halijapanda. Wengi wao huchuma majani ya mti uitwao kratomu. Wamalaysia huuita ketum. Mgema huchambua mshipa wa katikati ya jani akautupa, akatafuna nyama iliyobaki, pengine kwa chumvi kidogo ili tumbo lisifunge, kisha akashushia maji ya moto au kahawa. Ni chungu kwelikweli. Lakini muda si mrefu uchovu humtoka, jua halimuudhi tena, na kazi inasonga. Mti huu ni wa ukoo mmoja na mbuni, na watu wa huko wameutumia kwa vizazi.

Ninayetaka kumzungumzia leo, hata hivyo, yuko mbali na shamba hilo. Majani hayo siku hizi hukaushwa na kusagwa unga, sehemu kubwa huko Kalimantan Magharibi nchini Indonesia, na unga husafirishwa hadi Marekani. Kule huuzwa hata kwenye vituo vya mafuta, umewekwa kaunta jirani na peremende na vinywaji vya kuongeza nguvu. Vifuko vingine vimeandikwa kwamba si kwa matumizi ya binadamu. Muuzaji anajua, mnunuzi anajua, na kila mmoja anaendelea na shughuli zake. Na Marekani, kama mnavyofahamu, tuna ndugu zetu wengi: anayeendesha lori majimbo matatu kwa siku, anayekesha kuwageuza wazee vitandani, anayebeba maboksi ghalani hadi mgongo unakataa kunyooka. Mtu wa namna hiyo akiambiwa kuna kitu cha asili, majani matupu, kinaondoa maumivu na kuleta usingizi, na hakihitaji cheti cha daktari, mnategemea atajibu nini?

Majani matupu. Tumbaku nayo ni majani matupu.

Kiini cha kratomu ni kemikali iitwayo mitrajinini. Ikifika mwilini hukaa kwenye vipokezi vilevile ambavyo mofini na heroini hukaa, ingawa haivisukumi kwa nguvu kama hizo. Ini nalo hugeuza sehemu ya mitrajinini kuwa kemikali nyingine, kwa kifupi 7-OH, ambayo ni kali zaidi. Mtu akinywa mara moja, akaacha, kwa kawaida halimpati jambo. Shida ni kwa anayekunywa asubuhi, mchana na jioni, mwezi baada ya mwezi. Mwili wake umekwisha kujipanga upya ukitegemea kwamba dawa itakuja. Siku isipokuja, mishipa ya fahamu iliyokuwa imetulizwa huamka kwa kishindo, na homoni ya noradrenalini hufurika.

Vijana wa maskani zetu, kuanzia Dar es Salaam hadi Mombasa, hali hiyo wanaiita arosto, na hawahitaji kufundishwa na mtu. Ya kratomu mara nyingi huanza kati ya saa kumi na mbili na siku mbili tangu dozi ya mwisho. Kwanza ni miayo, na macho na pua kutiririka kama mtu mwenye mafua. Kisha jasho, sasa joto sasa baridi. Tumbo lililokuwa limefunga kwa wiki nzima hufunguka na kuhara. Misuli inauma. Usiku ndio mbaya zaidi: miguu haitulii, inarusha mateke yenyewe chini ya shuka, na mtu hugeuka upande huu na ule hadi adhana ya alfajiri. Juu ya hayo kuna hasira za bure, wasiwasi, na huzuni isiyo na sababu. Kwa wengi makali huisha ndani ya wiki moja. Usingizi na moyo huchelewa zaidi kurudi mahali pake.

Mwaka 2014 watafiti wa Universiti Sains Malaysia, kule Penang, walichapisha matokeo ya kuwahoji watu 293 wanaokunywa maji ya ketum mara kwa mara. Zaidi ya nusu walikuwa na utegemezi mkali, na waliokunywa glasi tatu au zaidi kwa siku ndio waliokuwa hatarini zaidi. Hawa ni watu wanaokunywa maji ya majani yaliyochemshwa tu. Hawajawahi kuona vile vidonge vya 7-OH vilivyokolezwa ambavyo sasa vimeingia madukani Marekani, na ambavyo mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo ilipendekeza Julai 2025 viwekwe kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa.

Sasa sikilizeni mtego ulipo, maana kwangu ndio kiini cha habari nzima. Mtu wetu alianza kratomu kwa sababu ya nini? Mgongo, kukosa usingizi, mawazo. Akiacha, kinachomjia ni nini? Viungo kuuma, kukosa usingizi, mawazo. Hatasema, "Hii ni arosto." Atasema, "Ugonjwa wangu umerudi, tena kwa hasira; kumbe dawa ilikuwa inanisaidia sana." Atarudi kaunta, atakoroga kijiko, na baada ya nusu saa atakuwa mzima. Amepata ushahidi wake. Mvuta heroini anajua adui yake kwa jina, na mama yake anajua, na mtaa mzima unajua. Huyu anadhani anatibiwa, na mkewe anadhani vivyo hivyo.

Historia ya jani hili nayo imejaa watu wa kuhama kutoka dawa moja hadi nyingine. Mwanzoni mwa karne iliyopita, waandishi wa Kiingereza huko Malaya walikwisha kuandika kwamba watu walilitumia badala ya kasumba, pale kasumba ilipokosekana au bei ilipopanda. Thailand ililipiga marufuku mwaka 1943, na inaelezwa kwamba serikali ilichukizwa zaidi na kodi ya kasumba iliyokuwa ikipungua kuliko na afya ya mtu yeyote. Marufuku hiyo ilidumu hadi Agosti 2021. Na leo Wamarekani wengi hununua kratomu ili wajinasue kwenye vidonge vya maumivu au heroini. Wapo wanaosema imewaokoa, na mimi siwezi kuwabishia. Kati ya unga huu na sindano barabarani, afadhali unga. Ila aliyehama kutoka nyumba hadi kibanda uani kwa mwenye nyumba yuleyule asidhani amemaliza kudaiwa kodi.

Anayetaka kuacha asijitupe ghafla kama anakunywa nyingi kwa muda mrefu. Arosto hii kwa kawaida haiui, lakini kuhara na jasho hukausha mwili, na wanaoacha ghafla wengi hurudi. Kupunguza kidogokidogo, kwa kipimo, kwa wiki kadhaa, kunavumilika zaidi. Madaktari wamewahi kutumia klonidini, dawa ya shinikizo la damu inayotuliza ile noradrenalini, na kwa wenye utegemezi mkali buprenofini, ambayo ni dawa ya waathirika wa heroini. Asitafute usingizi kwa pombe au vidonge vya usingizi huku kratomu ikiwa bado mwilini: wengi wa waliokufa kwa vifo vinavyohusishwa na jani hili walikutwa na vitu vingine mwilini. Mama mjamzito asiache wala asiendelee kimyakimya. Amwambie daktari mapema, kwa sababu wapo watoto waliozaliwa na arosto, wakilia kwa sauti nyembamba na kutetemeka, hadi hospitali ikawapa mofini kwa matone.

Na daktari aambiwe kwa mdomo. Kipimo cha kawaida cha mkojo kinachotafuta mofini na heroini hakioni mitrajinini. Majibu yatatoka safi, daktari ataandika mafua au msongo wa mawazo, na mgonjwa ataruhusiwa kurudi nyumbani na arosto yake. Basi, wewe mwenye ndugu huko, ukimpigia simu akakwambia ana homa, hapati usingizi na miguu inamcheza, muulize taratibu anakunywa nini asubuhi. Akikutajia unga wa kijani, mwambie siku ya kwenda kliniki abebe na kile kifuko.