Kibushi cha Maore: Lugha ya Kiaustronesia Jirani na Waswahili

Lugha za Kiaustronesia zinapata 1,200, na eneo zinakosemwa ni bahari zaidi kuliko nchi kavu. Wataalamu wengi wanaweka chimbuko lake Taiwan. Kutoka huko zilisambaa kwa vyombo vya bahari hadi Ufilipino na Indonesia, zikafika Hawaii, New Zealand na Kisiwa cha Easter upande wa mashariki, na Madagaska upande wa magharibi. Chache, kama Kijava na Kimalei, zina wasemaji mamilioni. Zilizo nyingi ni za jamii ndogo za visiwani na pwani. Nchi ya Vanuatu, yenye watu wapatao 300,000, ina lugha zaidi ya 100 za familia hii, na baadhi yake haziendi zaidi ya vijiji viwili vitatu.

Anayetaka kuzifahamu lugha za namna hii kutokea Afrika Mashariki hahitaji kwenda Pasifiki. Katika kisiwa cha Maore, kimoja kati ya visiwa vinne vya Komoro, ambacho kiko chini ya Ufaransa kwa jina la Mayotte, kuna vijiji ambavyo lugha yao ya nyumbani ni Kibushi. Bushi ndilo jina la Madagaska katika ndimi za Komoro, kama Waswahili wa zamani walivyosema Bukini. Kibushi ni lahaja ya Kimalagasi inayosemwa ng'ambo ya Madagaska. Majirani zake husema Shimaore, lugha ya Kibantu iliyo ndugu wa karibu wa Kiswahili.

Ushahidi wa asili ya Kimalagasi uko katika hesabu za kila siku. Mmalagasi akianzia mbili husema roa, telo, efatra, dimy, enina, fito, valo. Mtagalogi wa Ufilipino husema dalawa, tatlo, apat, lima, anim, pito, walo. Mhawaii, upande wa pili wa dunia, husema lua, kolu, hā, lima, ono, hiku, walu. Mfanano wa namna hii, unaorudi kwa utaratibu uleule katika mamia ya maneno mengine, hauwezi kuwa wa bahati. Mwaka 1951 Otto Christian Dahl, mwanaisimu wa Norway, alionyesha kwamba ndugu wa karibu kabisa wa Kimalagasi ni Kimaanyan, kinachosemwa kusini mwa kisiwa cha Borneo katika bonde la mto Barito. Jambo hilo lina ugumu wake, kwani Wamaanyan ni watu wa bara, si mabaharia. Alexander Adelaar, aliyeifanyia kazi mada hii kwa miaka mingi, ameonyesha kuwa Kimalagasi kina maneno mengi ya Kimalei, ya bahari yakiwemo. Kwa hiyo anaona kuwa watu wa Borneo walivuka katika safari zilizoongozwa na Wamalei. Hoja yake ina nguvu, maana inaeleza mambo mawili kwa pamoja: lugha ya msingi ya watu wa mtoni, na msamiati wa baharini ulioazimwa.

Majina ya pande za dunia yanaonyesha jinsi msamiati huo ulivyobadilika. Kwa Kimalei, barat ni magharibi na timur ni mashariki. Kwa Kimalagasi, avaratra ni kaskazini na atsimo ni kusini, ingawa maneno ni yaleyale. Sababu ni pepo za msimu. Mabaharia walizitaja pande kwa upepo, na walipoingia bahari nyingine walibaki na jina la upepo, hata kama sasa ulivuma kutoka upande tofauti. Mswahili hahitaji kuelezwa zaidi, kwa kuwa naye ana kaskazi na kusi, na kutoka hapo kaskazini na kusini.

Maneno hayo yana jambo jingine la kutazamwa. Barat ya Kimalei imepata irabu mwishoni ikawa avaratra, laut, yaani bahari, imekuwa alaotra, na apat ya Mtagalogi ina mwenzake efatra. Kimalagasi hakipendi neno liishie na konsonanti, na hiyo ni tabia ambayo kila msemaji wa lugha ya Kibantu anaitambua. Dahl aliliona hilo pia, na mwaka 1954 akaandika kwamba chini ya Kimalagasi kuna tabaka la Kibantu: watu waliokuwa wakisema lugha za Kibantu waliipokea lugha ya wageni na kuitamka kwa mazoea yao. Mifugo nayo inashuhudia. Omby ni ng'ombe, ondry ni kondoo, akoho ni kuku, amboa ni mbwa, na akanga ni kanga. Wageni kutoka Asia walijifunza ufugaji wa Afrika kutoka kwa Waafrika, na majina yakaja pamoja na wanyama.

Sarufi ndiyo iliyobaki ya Kiaustronesia waziwazi. Kwa Kimalagasi kitenzi hutangulia na mtenda huja mwisho: mamaky boky ny mpianatra ni sawa na kusema "anasoma kitabu mwanafunzi". Hakuna ngeli za nomino wala upatanisho unaofuatana katika sentensi nzima. Mtoto wa Maore anayelelewa kwa Kibushi na kucheza na wenzake kwa Shimaore hubeba kichwani miundo miwili iliyo mbali sana, na huipata yote bila kufundishwa.

Kuhusu jinsi lugha hii ilivyofika Maore, maelezo ya kawaida huanza na Andriantsoly, mfalme wa Wasakalava wa Boina, kaskazini-magharibi mwa Madagaska, aliyesilimu, akafukuzwa na majeshi ya Wamerina wa Madagaska na kukimbilia Maore mwanzoni mwa miaka ya 1830. Huyo ndiye aliyeweka saini mkataba wa tarehe 25 Aprili 1841 ulioiachia Ufaransa kisiwa hicho. Kabla yake, kati ya mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, misafara ya mitumbwi kutoka Madagaska ilivamia Komoro mara nyingi ikiteka watu, na ikafika hadi pwani ya Afrika. Masimulizi ya kisiwa cha Mafia huyahusisha magofu ya mji wa Kua na uvamizi wa Wasakalava. Lakini kuanza na mfalme huyo ni kuanza katikati ya hadithi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na Alison Crowther na wenzake ulichunguza mabaki ya mimea kutoka maeneo 18 ya kale. Kwenye bara la Afrika Mashariki walikuta zaidi mtama na nafaka nyingine za Kiafrika. Madagaska na Komoro walikuta mpunga, choroko na pamba, mazao ya Asia, kuanzia karne ya 8 hadi ya 10. Inaelekea basi kwamba watu wa asili ya Asia waliishi Komoro muda mrefu kabla ya Andriantsoly, hata kama lugha yao haikuendelea moja kwa moja hadi Kibushi cha leo.

Kibushi chenyewe kina lahaja mbili. Moja inafanana na Kisakalava cha kaskazini-magharibi mwa Madagaska. Nyingine ni Kiantalaotra, yaani usemi wa watu wa bahari. Waantalaotra walikuwa Waislamu wafanyabiashara wa bandari za pwani hiyo, wenye damu na desturi za Kiswahili, Kiarabu na Kimalagasi kwa pamoja. Ramani nayo inakumbusha: kusini mwa Maore kuna Kani-Kéli na Kani-Bé, yaani Kani Ndogo na Kani Kubwa, kwa vivumishi vya Kimalagasi.

Hali ya sasa haina usalama wa kudumu. Wasemaji wa Kibushi kwa kawaida wanajua Shimaore, ilhali wasemaji wa Shimaore ni nadra kujifunza Kibushi. Wakazi wa kisiwa waliongezeka kutoka 186,452 mwaka 2007 hadi 256,518 mwaka 2017, wengi wa wageni wakitoka visiwa vingine vya Komoro, na ongezeko hilo linapunguza uzito wa Kibushi. Shule ni za Kifaransa, hasa tangu Maore iwe mkoa kamili wa Ufaransa mwaka 2011. Hata hivyo kazi kubwa imefanyika. Noël Gueunier alikusanya msamiati na ngano za Kibushi tangu miaka ya 1980, na mwaka 2020 baraza la kisiwa liliidhinisha tahajia rasmi ya Kibushi na ya Shimaore, kwa hati za Kilatini na za Kiarabu. Uamuzi wa kuweka hati zote mbili ulikuwa sahihi, kwa kuwa watoto wengi wa kisiwa hicho huzijua herufi za Kiarabu kutoka vyuo vya Kurani.

Kilichopungua ni watafiti wanaokifikia Kibushi wakitokea upande wa Kibantu. Wengi wamekitazama kutokea Madagaska au Ufaransa, na nusu yake ya Kiafrika imeachwa kama nyongeza. Anayejua Kiswahili ana ufunguo wa nusu hiyo, na idara za isimu za Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi na Mombasa zina wanafunzi wanaoweza kuifanya kazi hiyo. Inapasa iingizwe katika mipango yao ya utafiti sasa, wakati wazee wa Kani-Kéli na vijiji vingine bado wanakisema Kibushi na watoto wao bado wanawajibu kwa lugha hiyo.