Chumvi Haina Molekuli: Mada kuhusu Ufundishaji wa Bondi ya Ioni Kidato cha Pili



Mwulize mwanafunzi aliyefanya vizuri mtihani wa kidato cha pili: katika chumvi ya mezani, bondi ya ioni iko wapi? Mara nyingi atakuchorea atomu mbili, mshale mmoja kutoka sodiamu kwenda klorini, kisha atakueleza kwamba sodiamu imetoa elektroni, klorini imepokea, na sasa kila moja imetosheka na nane zake. Mchoro huo utampa alama zote. Hoja yangu leo ni kwamba unaishia pale bondi yenyewe inapoanzia.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo hadithi hii ya sodiamu mkarimu inapokwama. Kuing'oa elektroni ya nje ya sodiamu kunahitaji kilojuli 496 kwa moli. Klorini ikiipokea elektroni hiyo, kinachorudi ni kilojuli 349 tu. Tayari tuna upungufu wa 147. Bado hatujahesabu nishati ya kuitawanya sodiamu ngumu iwe atomu moja moja, ambayo ni 107 hivi, wala ile ya kutenganisha atomu za gesi ya klorini, kama 121. Jumla ya deni inafika karibu kilojuli 375. Kama mambo yangeishia kwenye mshale, sodiamu na klorini zisingekuwa na sababu yoyote ya kuungana.

Anayelipa deni ni mvutano wa ioni. Chaji chanya na chaji hasi zinapokaribiana na kujipanga, hutoa takriban kilojuli 787 kwa kila moli ya chumvi. Ondoa deni, inabaki 411 hivi, na hilo ndilo joto linalotoka sodiamu inapowaka ndani ya klorini kwa mwali wake wa njano. Sisemi tumpe mtoto wa kidato cha pili hesabu hii. Mahali pake ni kidato cha tano na cha sita. Lakini mwalimu anayeijua hatathubutu kumwambia mwanafunzi kwamba sodiamu "inataka" kutoa elektroni.

Jambo la pili ni umbo. Mwaka 1913 William Henry Bragg na mwanawe William Lawrence Bragg walitumia mionzi ya eksirei kuchunguza fuwele, chumvi ikiwemo. Waligundua kuwa kila ioni ya sodiamu imezungukwa na ioni 6 za klorini: juu, chini, mbele, nyuma, kushoto na kulia. Kila ioni ya klorini nayo imezungukwa na 6 za sodiamu. Hakuna jozi. Huwezi kunyoosha kidole ukasema sodiamu hii ni ya klorini ile. NaCl tunayoandika ubaoni ni uwiano wa ioni moja kwa ioni moja, basi. Tusiwacheke wanafunzi wanaoshindwa kulikubali hili: mwaka 1927 Henry Armstrong, mkemia Mwingereza aliyekuwa amefundisha miaka mingi, aliandika katika jarida la Nature kuipinga kwa hasira fikra kwamba chumvi haina molekuli.

Bahati nzuri, ushahidi unauzwa sokoni. Nunueni chumvi ya mawe, chagueni punje kubwa iliyo angavu, iwekeni juu ya karatasi nyeusi na mpe kila kikundi lenzi. Pembe za mraba zitaonekana. Kisha egemeza wembe wa zamani sambamba na upande mmoja wa punje, uugonge kidogo kwa kijiwe. Ikikubali, punje itapasuka kwa uso bapa, na vipande vyake vitabaki na kona zilezile. Gonga kipande cha waya wa shaba kwa kijiwe hichohicho: kitabonyea, hakitapasuka. Waache wajadili. Tabaka la ioni likisogezwa kidogo, chanya hukutana na chanya, hasi na hasi, zikasukumana. Ndiyo maana chumvi hupasuka. Ukibaki na mshale wako ubaoni, huna la kuwaeleza hapa.

Jaribio la umeme tunalifanya sote: betri, taa ndogo ya LED, vijiti viwili vya kaboni vya betri kuukuu. Chumvi kavu haiwashi taa, maji ya chumvi yanawasha. Tatizo ni hitimisho linaloandikwa daftarini, kwamba maji "yanaigeuza" chumvi kuwa ioni. Ioni zilikuwamo tangu mwanzo; zilibanwa mahali pake, maji yakazifungulia. Ushahidi ulio safi zaidi ungekuwa chumvi iliyoyeyushwa kwa moto, ila inayeyuka kwenye nyuzi 801 za Selsiasi, na maabara zetu hazifiki huko. Bromidi ya risasi huyeyuka kwenye nyuzi 370 hivi, lakini mvuke wa bromini ni sumu. Bila chemba ya kuondoa hewa chafu, msijaribu.

Kuhusu jedwali la elementi nitasema machache. Mendeleev alilichapisha mwaka 1869, miaka 28 kabla ya J. J. Thomson kugundua elektroni, akitegemea uzito wa atomu na tabia za elementi. Sisi tunaanza na maganda ya elektroni, halafu jedwali linakuja kama orodha ya kukariri. Badala yake, andikeni ubaoni nishati za kung'oa elektroni za magnesi moja baada ya nyingine: 738, 1451, 7733. Mwulize mwanafunzi ni wapi pana mrukio mkubwa. Ataona mwenyewe kwa nini magnesi ni ya kundi la 2 na kwa nini huishia kwenye chaji ya chanya mbili. Fanyeni vivyo hivyo kwa sodiamu: 496, kisha 4562. Kanuni ya nane itakuwa jambo alilolisoma katika tarakimu, na hatahitaji kuambiwa kwamba atomu "inafurahi".

Mapendekezo yangu ni mawili. Kwanza, tukikaa kutunga mitihani ya muhula, tuondoe maneno "molekuli ya sodiamu kloridi" katika maswali na katika miongozo ya kusahihishia. Pili, kila swali linalomtaka mwanafunzi achore uhamisho wa elektroni liwe na kipengele cha pili: nini kinazishikilia ioni hizo pamoja? Kipengele hicho kipewe alama zisizopungua za mchoro.