Msimulizi Naye ni Mtunzi: Hadithi za Hong Kong katika Vibanda vya Nyeri



Mwenzangu mmoja ninayemheshimu amenichokoza. Anashikilia kwamba filamu za kung fu zinazosimuliwa na msimulizi DJ Afro ni uharibifu wa sanaa: Mchina ametunga, mwigizaji ameigiza, kisha mtu mwenye maikrofoni anakuja kufunika yote kwa Kiswahili na Sheng. Nilipangiwa leo kuzungumzia nadharia za tafsiri. Wenzangu wanazijua, kwa hiyo nitaziruka nimjibu huyu bwana.

Hoja yake imesimama juu ya dhana moja, kwamba ipo kazi asilia iliyokamilika, ikingoja tu kuharibiwa. Haya, tuitafute. Nachukua tamthilia ya The Legend of the Condor Heroes, iliyotengenezwa na kituo cha TVB cha Hong Kong mwaka 1983, vipindi 59, Felix Wong akiwa Guo Jing na Barbara Yung akiwa Huang Rong. Chimbuko lake ni riwaya ya Jin Yong, iliyotoka vipande vipande katika gazeti la Hong Kong Commercial Daily kati ya 1957 na 1959. Miaka ya 1970 mwandishi akaipitia upya. Gazetini yumo msichana Qin Nanqin, anayemzaa Yang Guo, shujaa wa riwaya inayofuata. Katika toleo lililorekebishwa msichana huyo ametoweka, na mtoto amepewa mama mwingine, Mu Nianci! Baada ya hapo, kati ya 1999 na 2006, Jin Yong akazirekebisha tena riwaya zake. Asilia ni ipi, ya Qin Nanqin au ya Mu Nianci?

Kwenye skrini mambo yanazidi kuchanganyika. Riwaya iliandikwa kwa Kichina sanifu, lakini waigizaji wa TVB wanazungumza Kikantoni, lugha ya nyumbani na sokoni Hong Kong. Tamthilia ilipovuka kwenda China bara ikatiwa sauti za Kimandarini, na watu wakaipenda vivyo hivyo. Kwa upande wa sinema, studio za Hong Kong kwa miaka mingi zilipiga picha bila sauti na kutia maneno baadaye, mara nyingi kwa vinywa vya watu wengine. Basi sauti ya stering, yaani shujaa wa filamu, mara nyingi haikuwa yake hata kwao. Iweje ikifika Nyeri ndipo iitwe wizi?

Mniwie radhi nikae kidogo na Guo Jing, maana nampenda. Ni mzito wa kuelewa. Walimu wake wanahangaika naye huko Mongolia, naye anajikokota tu. Kinachomfungulia mlango ni chakula. Huang Rong anampikia Hong Qigong, mkuu wa chama cha ombaomba, mzee mlafi asiyeweza kuipa kisogo sahani nzuri. Kila pishi linalipwa kwa pigo jipya la Viganja 18 vya Kushinda Joka. Msichana anawaza, mzee anakula, na mzito anakuwa bingwa. Hadithi ya namna hii haihitaji kulindwa dhidi ya msimulizi. Inamtafuta.

Nilikulia mtaa wa Skuta, hapa Nyeri, na kibanda cha video nilikijua kabla ya maktaba. Filamu zilipokuja na maandishi ya Kiingereza yanayokimbia chini ya picha, tuliangalia mateke tu. Aliposikika msimulizi, tukajua nani kamdhulumu nani na deni la damu lilianzia wapi. Alimpachika adui majina, akamwonya stering, akatutupia maswali, nacho kibanda kikamjibu kwa kelele. Mama mmoja muuza sukuma wiki, ambaye hakujua kusoma, aliweza kesho yake kuisimulia filamu nzima akiwa kwenye meza yake. Wanaosema Sheng hiyo inaua Kiswahili sina muda nao: Kiswahili changu cha kusimulia nilikiokota hapo.

Nadai zaidi. Watu wa huku walikwisha kufundwa kusikiliza hivyo na gicandi, majibizano ya mafumbo ya waimbaji wawili wanaotikisa kibuyu chenye alama zilizochongwa. Merlo Pick alichapisha mafumbo hayo mwaka 1973, Kimani Njogu akayachambua kama mazungumzo, naye Ngũgĩ wa Thiong'o akamfanya mwimba gicandi kuwa msimulizi wa riwaya yake Caitaani Mũtharaba-inĩ, 1980. Nitapingwa kwamba msimulizi Lufufu alisimulia filamu Dar es Salaam, na wenzake wanasimulia Kampala, bila kibuyu chochote. Hata Japani, enzi za filamu bubu, walikuwapo wasimulizi ukumbini. Pingamizi hilo ni zito, nami nakubali kwamba sanaa hii ina mizizi mingi. Lakini mzizi wa Nyeri ni kibuyu, na hapo siondoki.

Namalizia kwa ombi. Kanda na sidii za masimulizi haya zinatupwa kila duka la video linapofungwa. Idara ya Fasihi izikusanye, izinukuu, na iziweke katika mtaala pamoja na tenzi na riwaya. Wanafunzi wangu, wenye sanduku la kanda nyumbani wasilitupe. Walilete ofisini kwangu.