Choo na dushe zetu: vitu tunavyovipenda na namna ya kuvipanga

(Maneno ya kamati ya nyumba mbele ya mukutano mukuu wa wanachama)



Tuliombwa tuseme juu ya kazi yetu ya kupanga nyumba ndani. Wengi walifikiri tutasema juu ya saluni: viti, vitambaa, maua ya mezani. Hapana. Leo tunasema juu ya choo na dushe. Mukicheka, haizuru. Wazee walisema nyumba njema si mulango, fungua uingie ndani. Sisi tunaongeza: ukisha kuingia, omba kwenda chooni, njo utajua nyumba.

Wengi wetu tulikaa miaka mingi Lugufu ao Nyarugusu. Munakumbuka vyoo vya kambi, kuta za shitingi, upepo ukivuma unashika kwa mukono moja. Tuliporudi huku Fizi, kila mutu alisema: sasa nitakuwa na choo changu. Tukajenga. Lakini kujenga ni kitu kimoja, na kufanya mutu apende kuingia ni kitu kingine.

Tuna bibi mumoja mu chama chetu, jina lake tunaliacha. Choo chake tulikijenga sisi wenyewe: shimo, kifuniko cha simenti, kuta za matofali, bati. Tulipiga foto, tukaandika mu ripoti kwamba kazi imekwisha. Nyuma ya miezi kidogo, mukwe wake akatuambia bibi ameacha kula jioni. Kumbe alikuwa anajinyima ugali juu asitoke usiku. Choo kiko giza, magoti yanamuuma, hakuna pa kushika, na mulango haufungwi kwa ndani. Ripoti yetu haikudanganya, choo kilikuwapo. Lakini mwenye choo alikuwa analala njaa.

Tulirudi kwake na vitu vinne: kikomeo, miti miwili ya kushika, kiti cha mbao chenye tundu katikati, na kibao cha kuweka taa. Ilikuwa kazi ya siku moja. Jioni ile alikula. Tangu siku ile tulibadilisha namna yetu ya kuhesabu, na hivi vitu tunavyovipenda sasa tunavitaja kwa mupango.

Cha kwanza ni kikomeo cha ndani. Wafundi wengi wanakiweka mwisho, pesa ikibaki. Sisi tunakinunua mbele ya bati. Mama ao binti asiyeweza kujifungia atangoja giza aende porini, na huko kuna hatari kubwa kupita harufu. Tena tunakiweka chini kidogo, mutoto akifikie. Mulango usiangalie barabara. Ugeuze uangalie nyumba, ao weka ukuta mufupi wa matete mbele yake.

Cha pili ni muti wa kushika, moja kila upande. Usiupigilie tu kwa misumari: uingize mu ukuta wakati wa kujenga, juu utabeba mutu muzima. Ulainishe vizuri, usiache vibanzi. Kwa mugonjwa, muzee ao mama mwenye mimba, huu muti una kazi kupita karo za rangi. Na kama mu nyumba muko mutu wa kiti cha magurudumu, pima kile kiti kwanza, kisha upime mulango. Usifanye kinyume.

Cha tatu ni bidoni ya kunawa mikono. Kolera tunaijua sisi wa Baraka na Uvira, hatuhitaji kufundishwa jina lake. Bidoni ya litre 20 yenye robine ni nzuri. Kama robine haipatikani, chukua bidoni ya litre 5, toboa tundu dogo karibu na shingo, uitundike juu ya muti, ufunge kamba mupaka kijiti cha chini. Ukikanyaga, bidoni inainama, maji yanatoka, na mukono wako haugusi kitu. Sabuni itundike mu wavu kando yake, kuku hatakimbia nayo. Chini weka mawe madogo ili maji yasifanye tope, na pembeni panda mugomba. Uweke pale mutu anapotoka chooni. Ukiweka nyuma ya jikoni, atasahau.

Cha nne ni pa kutundika nguo. Musumari unapasua kitenge. Kata tawi la mupera lenye pacha, ulikaushe, uliingize mu ukuta. Weka mawili, moja la mukubwa, moja la mutoto. Ni kitu kidogo, lakini mutu mwenye pa kuweka kitenge chake haogi kwa haraka.

Sasa mwanga, na hapa mutusikilize vizuri, juu wafundi wengi wanakosea. Choo cha shimo chenye tiyo ya hewa kinataka giza kidogo ndani. Upepo ukipita juu ya tiyo unavuta harufu kutoka shimoni. Nzi wa shimoni wanafuata mwanga wa juu ya tiyo, wanakuta wavu, wanafia pale. Ukifungua dirisha kubwa, nzi watakuja kwako. Kwa hiyo acha nafasi ndogo tu juu ya mulango, upepo uingie, na tiyo ipite bati kwa nusu metre. Usiku tumia taa ndogo ya jua, uitoe ukimaliza. Lakini choo chenye shingo ya maji hakina shida ile: maji yanayobaki mu shingo yanazuia harufu na nzi. Kile unaweza kukipa dirisha, hata kioo cha kujiangalia.

Dushe nayo ina siri yake chini. Sakafu iteremke sentimetre 2 kila metre, kuelekea tundu la maji. Bila mutelemko, hata karo za bei zitakuwa ziwa. Wenye kurudi kutoka Tanzania munajua niru: pigeni niru laini ukutani mupaka kiunoni, maji yateleze. Kwa rangi, chini weka nyekundu ya udongo, haionyeshi matone. Juu weka chokaa nyeupe, inaleta mwanga. Kibao kidogo cha sabuni kiinamishwe kidogo, sabuni isilale mu maji. Basi, inatosha. Dushe ndogo yenye vitu vingi inakuwa depo.

Tunasema pia kosa letu, wafadhili walisikie kutoka kwetu wenyewe. Ndugu mumoja alitaka choo cha kukaa, cha porselene, kama alivyokiona mujini. Tukakubali, tukakipanga vizuri, kilingʼaa. Lakini mu nyumba hamukuwa maji ya robine. Kila mara watoto walimimina nusu ya ndoo nzima, na maji yale waliyabeba kichwani kutoka mbali. Leo kile choo kinawekwa makaa. Angekuwa na choo cha kuchuchumaa chenye shingo ya maji, litre 2 ao 3 zingetosha. Tulipanga kwa macho, hatukuuliza nani atachota maji.

Na mbele ya uzuri wote, kuna kipimo: shimo liwe mbali na kisima, metre 30 ao zaidi, na chini yake liachane na maji ya ardhini kwa metre moja na nusu. Huku karibu na ziwa maji yako juu. Pengine lazima kuinua choo kwa ngazi kuliko kuchimba sana. Sasa ukiinua, ukumbuke bibi: ngazi fupi, na muti wa kushika.

Donki tunaomba nini? Wanachama, tunaomba mukubali ya kama hakuna choo cha chama kitakachoandikwa "kimekwisha" bila kikomeo, pa kushika, pa kunawa na pa kuweka taa. Wafadhili, tunaomba kwenye hesabu yenu muache mustari wa hivi vitu. Mutatuambia: kwa pesa ileile mutajenga vyoo pungufu. Ni kweli, hatufichi. Tukijenga kumi vilivyokamilika pahali pa kumi na moja, familia moja itangoja, na ni sisi tutakaoenda kuiambia. Lakini tulisha kuona choo kilichohesabiwa, na mwenyewe analala njaa juu ya kukiogopa.

Tukimaliza hapa, mupite kwa bibi. Atawakaribisha, na atawaonyesha choo chake yeye mwenyewe.